Pasi, ncha na lehemu ipi kwa seti za sintesaiza za kujiundia?

Osileta_Mbili

Wakuu, habari za kazi. Nataka kuunda moduli za Eurorack (mfumo wa sintesaiza wa vipande vinavyounganishwa kwa kebo) kutoka seti za kujiundia: osileta ya kutoa sauti, filta, na VCA ya kudhibiti ukubwa wa sauti kwa volti. Vipuri karibu vyote ni vya miguu inayopita kwenye matundu ya bodi, ila filta ina aisii (chipu) mbili za miguu 8 za SMD, yaani zinazolehemiwa juu ya bodi bila kupita tunduni.

Pasi yangu ni ya wati 40, haina kidhibiti cha joto, na ncha yake ni ya sindano. Kwenye bodi ya mazoezi rezista zinashika bila shida. Tatizo ni miguu ya jeki (tundu la kuchomekea kebo) inayoingia graundi, yaani shaba pana ya volti sifuri: lehemu inakaa juu juu, haitambai kwenye shaba, na nikishikilia pasi kwa muda plastiki ya jeki inaanza kulegea. Ncha nayo imekuwa nyeusi na haishiki lehemu tena.

Je, ninunue pasi ya wati nyingi zaidi, au tatizo ni ncha? Waya wangu wa lehemu una unene wa milimita 1.5 na hauna maandishi yoyote, hivyo sijui umechanganywa nini. Na ukiacha pasi, ni vifaa gani haviwezi kungoja?

---

Ncha_Patasi

Ndugu, achana kwanza na hesabu ya wati peke yake. Wati hazikuambii ncha itakuwa na joto gani. Zinakuambia pasi ina uwezo gani wa kurudisha joto baada ya bodi kulinyonya. Pasi isiyo na kidhibiti ikikaa bure kwenye kishikio hupanda kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Hapo inaunguza flaksi (dawa iliyo ndani ya waya inayosafisha chuma ili lehemu ishike) na kuoksidisha ncha, ndiyo maana yako imekuwa nyeusi. Ukiigusisha mguu wa graundi, shaba pana ya bodi inalimeza joto lote na pasi inashindwa kulifidia. Kifaa kimoja kinakupa matatizo mawili yanayopingana: moto uliopitiliza kwenye rezista, ubaridi kwenye jeki.

Tafuta pasi yenye kihisi joto karibu na ncha na kidhibiti kinachoshikilia joto ulilopanga. Wati 60 hadi 70 zinatosha kabisa kwa kazi hii; Hakko FX-888D na Weller WE1010 ziko kwenye kundi hilo. Ukitaka ndogo ya kubeba, Pinecil ni chaguo zuri, kwa sababu hita na kihisi vimo ndani ya ncha yenyewe na inapata joto haraka. Ila angalia chaja unayoilisha. Hita ni ukinzani tu: ukipunguza volti kwa nusu, wati zinashuka hadi robo. Ipe chaja ya USB-C yenye PD (mfumo wa chaja na kifaa kukubaliana volti) inayofika volti 20. Ukiipa volti 9 utarudi palepale kwenye graundi isiyoyeyuka.

Usinunue stesheni (pasi yenye kisanduku chake cha kidhibiti) kabla ya kuhakikisha kwamba ncha zake za akiba zinapatikana kwa urahisi na kwa maumbo tofauti. Hilo ni muhimu kuliko skrini na vitufe.

Sasa ncha. Ya sindano iweke kando. Inagusa bodi kwa kidoti tu, na joto halina njia ya kupita hata kama pasi ina nguvu. Kwa vipuri vya miguu chukua ncha ya patasi ya milimita 2.4 iwe ndiyo ya kazi zote, na ya 1.6 kwa pedi (vidoa vya shaba vya kulehemia) zilizobanana. Ubapa wa patasi unalala kwenye pedi na kuegemea mguu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo siri yote ya kulehemu ilipo: pedi na mguu vipate joto pamoja, kisha waya wa lehemu uguse upande wa pili, siyo kwenye ncha. Sekunde 1 hadi 3 kwa kiungo cha kawaida. Lehemu ikitambaa na kuacha mteremko wenye mbonyeo kuzunguka mguu, umemaliza. Ikikaa kama tufe, kuna kimoja kati ya viwili hivyo hakijapata joto.

Kwa lehemu ya risasi panga nyuzi 320 hadi 350. Mguu wa graundi ukigoma usikimbilie 420, maana gundi inayoshika pedi kwenye bodi inalegea na pedi inang'oka. Badilisha ncha uweke pana zaidi, weka tone dogo la lehemu kwenye ncha ili joto lipate daraja, kisha shikilia sekunde 4 au 5.

Ncha nyeusi usiisugue kwa msasa. Ndani ni shaba, juu kuna ganda jembamba la chuma. Ukilitoboa, bati lililo kwenye lehemu linaila ile shaba na ncha inaoza kuanzia ndani. Isafishe kwa nyuzi za brasi zilizosokotana, ipake lehemu mbichi, rudia mara kadhaa. Na kila unapozima pasi, iache imevikwa lehemu. Ukiifuta ikawa safi kabla ya kuzima, unaiacha uchi kwa hewa.

---

Dada_Saketi

Nakubaliana na Ncha_Patasi kuhusu pasi, lakini fedha ikiwa ni ndogo ningekata kwenye stesheni kabla ya kukata kwenye lehemu. Lehemu mbovu haiokolewi na pasi yoyote.

Huo waya wa 1.5 usiojulikana usiuguse tena kwa bodi hizi. Kila milimita yake inabeba chuma zaidi ya mara nne ya waya wa 0.7, kwa hiyo kabla hujauondoa mkono, lehemu imeshamwagika kwenye pedi ya jirani. Kwa seti za sintesaiza chukua 0.6 hadi 0.8 yenye flaksi ya rozini ndani, pamoja na roli ndogo ya 0.5 kwa zile aisii za SMD.

Mchanganyiko: 63/37, yaani bati 63 na risasi 37. Huo huyeyuka na kuganda palepale kwenye nyuzi 183. 60/40 nayo inafaa, ila ina hatua fupi ya kuwa ujiuji kabla ya kuganda, na kipuri kikitikisika katika hatua hiyo unapata kiungo chenye chembechembe na nyufa usizoziona. Jeki na potenshomita (rezista za kuzungusha kwa mkono) ndizo zinazovutwa na kusukumwa kila siku, hivyo ufa wa namna hiyo utajitokeza baadaye kama sauti inayokatika unapogusa kebo.

Isiyo na risasi, ile ya kawaida ya bati 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, kwa hiyo ncha ipande hadi 350 au 380. Viungo vyake hufifia kwa asili, usivihukumu kwa kung'aa, angalia umbo. Kwa anayeanza na bodi zenye graundi pana ni njia ngumu zaidi, lakini inafanyika. Kama una mpango wa kuuza moduli ndani ya Umoja wa Ulaya, huna hiari, kwani kanuni za RoHS zimebana risasi kwenye vifaa vya elektroniki tangu 2006.

Kuhusu afya: kwa joto hili risasi haigeuki mvuke. Inaingia mwilini kwa mikono inayokwenda mdomoni, kwa hiyo usile mezani pa kazi, nawa kwa sabuni ukimaliza, na vipande vya lehemu visibaki mahali mtoto anaweza kuokota. Moshi unaouona ni wa flaksi, na moshi wa rozini unaweza kuleta pumu. Lehemu isiyo na risasi haikuepushi na hilo. Weka feni inayovuta moshi pembeni mwa uso; ukiipuliza juu ya kiungo unakipoza wakati unataka kiyeyuke.

Sasa jambo linalowahusu hasa watu wa sintesaiza, na maelekezo mengi ya seti hulipita haraka: mabaki ya flaksi. Osileta nyingi za mfumo huu hufuata kipimo cha volti 1 kwa oktava. Nusu toni ni milivolti 83.3, na senti moja ya muziki ni milivolti 0.83 tu. Volti inayoamua noti kwa kawaida huingia kwenye sehemu ambapo ishara hujumlishwa, kupitia rezista ya kilo-ohmu 100, yaani volti 1 ni maikroampea 10. Tuseme mabaki ya flaksi kati ya njia ya umeme ya volti +12 na sehemu hiyo ya kujumlishia yameacha mvujo wa megaohmu 100. Unapita umeme wa maikroampea 0.12, na noti inahama kwa senti 14 hivi. Mvujo huo ungekuwa thabiti ungeurekebisha kwa trimu (potenshomita ndogo ya kurekebishia, iliyo kwenye bodi) yakaisha. Lakini hubadilika na unyevu wa hewa, na mtu anabaki anahangaika na trimu akidhani transista ni mbovu. Saketi ya kushika volti ni mbaya zaidi: kapasita ya nanofaradi 10 yenye mvujo wa gigaohmu 1 kwenda graundi inapoteza karibu sehemu ya kumi ya volti yake kwa sekunde moja, na noti uliyoishika inateleza ikishuka.

Kwa hiyo alkoholi ya isopropili 99% na brashi ya nywele ngumu ni vifaa vya lazima. Paka, sugua, kisha nyonya kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kabla alkoholi haijakauka. Usipoinyonya unakuwa umesambaza flaksi bodi nzima kwa utando mwembamba, na hiyo ni hasara. Asetoni usiitumie, inayeyusha kapasita za polistairini ambazo baadhi ya osileta huzitumia.

Flaksi ya asidi ya mafundi bomba isikaribie meza yako kabisa. Na waya wenye flaksi ya kuyeyuka kwa maji ni mzuri tu kama utaosha bodi siku hiyohiyo, la sivyo inaendelea kula shaba.

---

Fundi_Kimya

Nina hoja moja tofauti na Ncha_Patasi. Patasi ya 2.4 ni sawa, lakini kwa aliye na jeki nyingi za graundi ningependekeza aongeze ncha nene iliyokatwa mshazari, upana wa milimita 2 hadi 3. Uso wake uliokatwa hubeba tone la lehemu, na tone hilo ndilo linalopeleka joto. Ncha hiyohiyo itakusaidia kwenye aisii za SMD, hivyo hununui kitu cha kazi moja.

Vifaa vya kutoa lehemu vinunue siku ya kwanza, usisubiri kosa litokee. Anayekosa hivyo hujaribu kung'oa kipuri kwa kukivuta huku anakipasha joto, na hapo ndipo bodi hufa: mrija wa shaba ulio ndani ya tundu hutoka pamoja na mguu, na njia iliyokuwa ikiunganisha juu na chini inakatika. Pata pampu ya kunyonya yenye mdomo wa silikoni (Engineer SS-02 ni ya namna hiyo, mdomo unaweza kugusa ncha ya moto bila kuharibika na hauachi mwanya wa hewa) pamoja na utambi wa shaba wa milimita 2.5. Utambi mkavu hauvuti kitu. Upake flaksi ya jeli kwanza, uweke juu ya kiungo, pasi juu ya utambi, na uviinue vyote viwili pamoja. Ukitangulia kuinua pasi, utambi unaganda kwenye pedi, na ukiuvuta unaondoka nayo.

Tundu likigoma kusafishika, ongeza lehemu mbichi kwanza. Inaonekana kinyume, ila lehemu nyingi hupeleka joto hadi upande wa pili na pampu inanyonya yote kwa pigo moja.

Aisii uliyoigeuza vibaya na ukailehemu bila soketi: usijaribu kuitoa nzima. Kata miguu yote karibu na mwili wake, tupa mwili, kisha toa mguu mmojammoja kwa kibano. Aisii inanunulika tena, bodi ya seti mara nyingi haipatikani peke yake.

Koleo la kukatia liwe la mdomo bapa, la kukata shaba. Usikatie chuma. Miguu ya baadhi ya LED na rezista za bei nafuu ni ya chuma kilichopakwa bati; sogeza sumaku, ikinasa tumia koleo jingine la zamani. Ukikata, shika ncha ya mguu kwa kidole, vipande hivyo huruka kuelekea machoni. Miwani basi.

---

Osileta_Mbili

Asanteni sana, nimeshaelewa kwamba adui ni ncha ya sindano na lehemu yenyewe. Mawili yamebaki. Dada_Saketi, nikiosha kwa alkoholi, haitaingia ndani ya potenshomita na jeki? Na zile aisii mbili za SMD, nahitaji mashine ya hewa moto?

---

Dada_Saketi

Itaingia, na itaingia ikiwa imebeba flaksi, ikauke ndani kwenye mkanda wa kaboni wa potenshomita. Baada ya hapo kila ukizungusha unasikia mikwaruzo. Ndiyo maana tunaosha kabla ya kuziweka.

Mpangilio ni huu. SMD zianze. Zifuate daiodi na rezista, halafu soketi za aisii, kapasita za kauri, transista, kisha kapasita za elektroliti. Vifupi kabla ya virefu, kwa sababu ukigeuza bodi kifupi kitaning'inia ikiwa kirefu kimeshakaa. Trimu za wazi zisubiri pia. Osha, nyonya, acha ikauke vizuri. Sasa ndiyo uweke trimu, potenshomita, jeki na swichi, bila kuzilehemu. Vika paneli juu, kaza nati kwa vidole, hakikisha kila kimoja kimekaa wima ndani ya tundu lake, ndipo ulehemu mguu mmoja tu wa kila kimoja. Kagua tena. Kilichopinda utakipasha mguu huo mmoja na kukinyoosha. Ukilehemu jeki zote kabla ya paneli, matundu hayatalingana, na kuitoa jeki ya miguu mitatu ni kazi kubwa kuliko kuunda moduli.

Kwa viungo hivi vya mwisho tumia waya wa flaksi isiyohitaji kuoshwa, au futa kila kiungo kwa pamba ya masikio yenye alkoholi kidogo, upande wa viungo ukielekea chini ili isitiririke kwenda kwenye vipuri. Swichi zina plastiki laini: lehemu mguu mmoja wa swichi hii, uhamie ile, urudi baadaye. Na kwenye jeki usimimine lehemu nyingi, maana flaksi hupanda na mguu hadi kwenye mguso wa ndani.

---

Ncha_Patasi

Hewa moto huihitaji kwa SMD za miguu 8. Nafasi kati ya mguu na mguu ni milimita 1.27, ambayo ni pana kwa kazi ya pasi. Pata kibano chenye ncha kali, flaksi ya jeli ya sindano na lenzi inayokuza mara 5 hadi 10.

Paka lehemu pedi moja tu ya kona. Tafuta alama ya mguu wa kwanza kwenye aisii (kidoti, au upande ambao kingo yake imekatwa mshazari) ulinganishe na bodi sasa, siyo baadaye. Ishike kwa kibano, yeyusha ile kona, isogeze iingie, toa pasi na usitikisike hadi igande. Angalia kwa lenzi kama miguu ya pande zote mbili imekaa juu ya pedi zake. Ikiwa imepinda, yeyusha kona tena. Kisha lehemu kona ya mshazari, paka flaksi pande zote, malizia miguu iliyobaki. Lehemu ikiunganisha miguu miwili usiogope: flaksi zaidi, ncha safi, ikokote kutoka mwilini kwenda nje. Ikibaki, utambi.

Chipu za CMOS kama CD4066 na CD4051 huharibiwa na umeme tuli. Vaa mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaohmu 1 uliounganishwa na graundi. Stesheni yako nayo ipime ikiwa imechomolewa ukutani: kutoka ncha hadi pini ya graundi ya plagi multimita isome ohmu chache tu.

---

Volti_Oktava

Hamjaitaja multimita ila kwa kupita, na kwangu inafuata mara moja baada ya pasi. Haihitaji kuwa ya gharama, ipime ohmu, volti na mlio wa mwendelezo.

Kazi yake ya kwanza ni rezista. Zenye mistari mitano kwenye rangi ya samawati zinasomeka vibaya sana: kilo-ohmu 1 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia, kahawia. Ukiisoma kinyume ni kahawia, kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia, na hiyo ni ohmu 110, thamani halali kabisa. Pima kila moja kabla haijaingia tunduni. Ikishakuwa kwenye bodi vipuri jirani huingilia usomaji.

Transista pia zinadanganya. 2N3904 na BC547 zina umbo lilelile, lakini ukiutazama ubapa, miguu ikiwa chini, ya kwanza inasoma emita, besi, kolekta na ya pili kolekta, besi, emita. Ukibadilisha moja kwa nyingine bila kuigeuza, osileta haitatoa sauti na utakuwa unatafuta kosa kwenye viungo visivyo na kosa.

Kabla ya kuwasha, aisii zisiwe kwenye soketi. Pima ukinzani kati ya +12 na graundi, −12 na graundi, halafu +12 na −12. Usipimie kwenye pini za kebo ya umeme pekee, kwa kuwa daiodi za ulinzi, kwa mfano 1N5817, zinaweza kuficha shoti iliyopo mbele yake. Pimia kwenye matundu ya soketi: aisii ya kukuza ishara ya TL072 hupokea +12 kwenye mguu wa 8 na −12 kwenye wa 4, TL074 hupokea kwenye 4 na 11. Namba itapanda polepole kapasita zinapojaa. Ikiganda karibu na sifuri, kuna daraja la lehemu mahali, litafute kwa lenzi kabla ya jambo lingine lolote.

Halafu kebo. Mstari mwekundu ni −12, na bodi nyingi zimeandikwa upande wake. Zisizoandikwa, fuata njia ya shaba hadi mguu wa 4 wa TL072. Kama una chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo, kiweke miliampea 100. Washa, na kwenye soketi tupu usome kati ya volti 11.7 na 12 kwa kila upande kulingana na daiodi iliyopo. Zima, weka aisii moja, washa, gusa mgongo wake kwa kidole kwa sekunde kadhaa. TL072 isiwe na joto la kuudhi kidole. Ikiwaka moto zima papo hapo na uangalie kidoti cha mguu wa kwanza. Ikiwa shwari, zima tena, weka inayofuata.